Bangi na serotonini: kwa mnaoanza kazi ya benchi

Wengi hufika maabara wakiwa na jibu tayari kwamba bangi huongeza serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari. Liweke kando kwanza. Jiulize kilichopimwa ni kitu gani: serotonini kumwagwa nje na seli, serotonini kurudi ndani, au vipokezi vinavyoisubiri? Hayo ni mambo matatu, na makala nyingi huyachanganya.

Kurudi ndani ni kazi ya SERT, yaani kisafirishi cha serotonini, protini iliyokaa kwenye utando wa seli, inayoivuta serotonini pamoja na sodiamu na kloraidi. Dawa za sonona kama fluoksetini huingia kwenye protini hiyo na kuziba njia. SERT hiyohiyo iko pia kwenye chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda), ndiyo maana tunaweza kuichunguza bila kugusa ubongo wa mtu. Chembe sahani hazijitengenezei serotonini. Huiokota ile iliyotoka utumboni, ambako karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa.

Kwenye damu ndiko data nyingi huharibikia, kwa hiyo hapa msiwe na haraka. Tumia sindano isiyo nyembamba mno, mililita za kwanza usizitumie, na damu iingie kwenye mrija wenye sitrati ya kuzuia damu isigande. Usiweke kwenye barafu, maana baridi huzichokoza chembe sahani. Zungusha kwenye sentrifuji polepole, kama mara 200 ya nguvu ya mvutano (200 g) kwa dakika 10 hadi 15, na mashine iachwe isimame yenyewe bila breki. Kisha inua mrija kwenye mwanga na uutikise kidogo sana. Chembe zilizotulia huonyesha mawimbi yanayometameta kama hariri. Usipoyaona, omba damu nyingine.

Sababu ni hii: chembe zilizochokozwa humwaga serotonini yao. Iliyomwagika itagombania SERT na ile yenye mionzi uliyoongeza wewe ili kupima ufyonzaji, hesabu za mionzi zitashuka, nawe utaandika kwamba THC, kemikali ya bangi inayolevya, imezuia usafirishaji, kumbe ni sindano. Mtoa damu naye aulizwe dawa anazotumia. Fluoksetini na mabaki yake hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya mtu kuiacha.

THC haipatani na maji. Hung'ang'ania plastiki, kwa hiyo kiasi ulichopiga hesabu si lazima kiwe ndicho kilichomo kwenye mrija. Pendelea vyombo vya kioo. Ethanoli ya kuiyeyushia iwe kidogo na iwe sawa kwa mirija yote, hata ile isiyo na THC. (Kibali nacho kianze kushughulikiwa kabla ya kitu kingine chochote. Tanzania kuna sheria ya dawa za kulevya ya 2015, na koti jeupe halikutoi humo.)

Sasa matokeo. Mwaka 1975 Banerjee, Snyder na Mechoulam walionyesha kwamba kemikali za bangi hupunguza ufyonzaji wa serotonini kwenye ncha za neva za ubongo wa panya. Mwaka 2007 Velenovská na Fišar, huko Prague, waliona upungufu kama huo kwenye chembe sahani. Kazi nzuri, ila angalieni mkolezo. Mikromola 10 za THC ni takriban nanogramu 3,100 kwa mililita. Damu ya mvutaji, hata kwenye kilele, mara nyingi huwa na mia moja na kitu, kisha hushuka upesi, na karibu yote imeshikwa na protini. THC hujilimbikiza kwenye mafuta ya utando, kwa hiyo pengo hilo halifuti hoja yote, lakini mwandishi asiyelitaja simwamini sana.

Kasi ya juu ya ufyonzaji ikishuka huku Km (mkolezo wa serotonini unaofikisha nusu ya kasi hiyo) ikibaki palepale, usiseme THC imekaa mahali pa serotonini. Huenda imeuvuruga utando wenyewe.

CBD, kemikali nyingine ya bangi, isiyolevya, ina njia zake. Inahusishwa zaidi na kipokezi cha serotonini kiitwacho 5-HT1A, na kwenye ini huzuia kimeng'enya CYP2C19, ambacho ni kimojawapo cha vinavyovunja sitalopramu, dawa nyingine ya sonona inayoziba SERT. Mgonjwa anayemeza sitalopramu akiongeza mafuta ya CBD, dawa hupanda kwenye damu na SERT huzibwa zaidi. Ukipima chembe sahani zake bila kujua hilo, utaisifu CBD kwa kazi ya sitalopramu.