Ukishalipa deni, fuata jina lako huko CRB

Wacha nianze na hii juu ndiyo inachanganya watu wengi: kama umewahi kukopa benki, au M-Shwari, au ukachukua Fuliza (hizi mbili ni mikopo ya simu), wewe uko CRB, yaani kwa zile kampuni zinazoweka rekodi za vile watu wanalipa mikopo. Hata yule jamaa hulipa kabla siku ifike ako na faili huko. Mazuri yanaandikwa, mabaya pia yanaandikwa, na mtu akikuuliza kwa sauti ya chini "kwani uko CRB?" anataka tu kujua kama yako imeharibika.

Yangu iliharibika kazi ilipoisha. Kampuni niliyokuwa nafanyia Industrial Area ilianza kuchelewesha mshahara, tukaambiwa tuvumilie, tukavumilia, halafu wakafunga mlango kabisa, na wakati huo nilikuwa na loni ya benki na zingine ndogo ndogo za simu ambazo nilikuwa nalipa vizuri tu. Siku 90 zikipita hujalipa, loni inahesabiwa mbovu. Nilikuja kuona uzito wake wakati nilipata kazi ingine na watu wa HR wakaitisha zile karatasi zao zote, za KRA (ushuru), za HELB (mkopo wa masomo), cheti cha tabia njema cha DCI (polisi), na cheti cha CRB cha kuonyesha huna deni bovu.

Sasa, kabla ulipe mtu yeyote hata shilingi, itisha ripoti yako. Kenya kuna kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kanuni za CRB za 2020 zinasema una haki ya kupata ripoti moja ya bure kila mwaka. Alama wanazokupa kulingana na vile unalipa hazifanani kwa sababu kila mmoja anapiga hesabu yake, kwa mfano Metropol wanaanzia 200 mpaka 900, kwa hivyo usishtuke ukiona namba mbili tofauti za mtu mmoja. Mimi nakushauri uachane na hiyo namba kwanza usome mistari ya chini, loni moja moja, nani alikupa, ulikuwa na deni gani, na inasema imelipwa ama bado. Hapo ndipo nilikuta loni niliyomaliza kitambo bado inaonyesha ninadaiwa. Angalia pia kama kuna deni la chini ya shilingi 1,000 limeandikwa kama deni bovu, kwa sababu kanuni hizo hizo zilikataza hiyo, na mkopeshaji anafaa akupe notisi ya siku 30 kabla apeleke jina lako. Ukikuta mia sita ya zamani imekuchafulia jina, lalamika, hiyo ni haki yako.

Kulipa kwenyewe sina maneno mengi. Usikope apu moja ndio ulipe ingine, hapo unahamisha moto kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Piga simu uongee na watu wa madeni, waambie unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, na uulize kuhusu penalti. Watakuambia haiondoki. Inaondoka bana! Mwisho wa 2022 Benki Kuu ilikuja na mpango ambao benki zilikubali kupunguza nusu ya deni kwa loni za simu zilizokuwa zimekwama, ukaendelea mpaka Mei 2023. Huo mpango uliisha lakini umeonyesha kwamba wakitaka wanaweza. Halafu kuna hii watu wengi hawajui: kifungu cha 44A cha sheria ya benki kinasema loni ikishakuwa mbovu, riba haiwezi kupita lile deni lililokuwa limebaki siku hiyo. Kama ulikuwa umebakisha 20,000, benki haiwezi kukudai zaidi ya 40,000, ukitoa gharama za kukufuatilia. Ukitaja hiyo 44A kwa simu utaona sauti ya huyo mtu inabadilika.

Haya, umelipa. Wengi wanaishia hapo, wanashukuru Mungu, wanaenda, na mwaka unaofuata wananyimwa loni wanaanza kulia. Mkopeshaji ndiye anapeleka habari CRB, na akichelewa ama asahau, hakuna mtu ataamka asubuhi akukumbuke. Kwa hivyo itisha barua ya kuonyesha umemaliza, itisha kwa imeli ndio ibaki na tarehe, weka stetimenti ya M-Pesa ya huo mwezi, halafu subiri kidogo uangalie ripoti tena. Kama bado iko vile ilikuwa, peleka malalamiko kwa CRB wenyewe na ile barua. Mimi nilizungushwa sana na benki, kila nikipiga naambiwa "iko kwa sistimu", lakini CRB walipoandikia hao watu mambo yalisonga.

Na ujue cheti ni kitu kimoja na alama ni kingine. Ukimaliza madeni utapata cheti na HR watafurahi, lakini ile historia ya kuchelewa inakaa miaka mitano kutoka siku ulimaliza kulipa, ikionyesha tu kwamba ulilipa. Wale wa Facebook na Telegram wanaokuambia utume 1,500 wakufutie jina usiku huu ni wezi, hakuna kijana anaweza kuingia huko akafuta.

Kujenga upya ni kazi ya kuboesha kusema ukweli. Chukua kitu kidogo, lipa kabla ya siku, rudia. Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa simu, inakubali hata mwenye jina baya, unaanza na 500 na riba ni asilimia 8 kwa mwaka, inakusaidia kupata nidhamu angalau. Lakini iliyonisaidia zaidi ni Sacco (chama cha akiba na mikopo), niliweka akiba polepole kisha nikachukua loni ndogo kuliko akiba yangu, na hiyo ikaanza kuandika mazuri kwa faili. Usiombe apu tano usiku mmoja, maombi yanaonekana kwa ripoti na unaonekana mtu amebanwa. Benki zikiitisha stetimenti ya M-Pesa pia zinasoma, na kama kila jioni ni Fuliza na beti, meneja hahitaji alama yako kuamua.

Kuwa makini tu na udhamini, juu ukiweka sahihi kwa loni ya rafiki akakataa kulipa, Sacco itakuja kwa akiba yako. Siku hizi mtu akiniomba nimdhamini namwambia anitumie kwanza ripoti yake ya CRB, kuna binamu yangu hajaongea na mimi tangu hapo.