Mbwa amemngurumia mwanangu: je, tumwondoe?

Mama mmoja wa Uyole, Mbeya, ameniandikia kwamba mwanawe wa miaka 4 amekua pamoja na mbwa wao wa ulinzi, ambaye hufungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku. Hivi karibuni mtoto alimkumbatia mbwa huyo shingoni alipokuwa akila ukoko na dagaa, naye akamngurumia. Baba alimchapa mbwa kwa fimbo, mama mkwe anataka aondolewe, na mtoto analia akimtaka rafiki yake.

Mama mpendwa,

Naanza na jambo ambalo huenda mumeo asilipende: mbwa wenu hakukosa. Alitaka aachwe ale, akalisema hilo kwa njia aliyo nayo, na hakumgusa mtoto kwa jino. Mbwa anayechapwa kila angurumapo hajifunzi kumpenda mtoto, bali hujifunza kunyamaza, na siku uvumilivu ukimwishia atauma pasipo kutanguliza onyo. Mweleze baba mtoto jambo hili kwa upole, ikiwezekana akiwa ameshakula.

Yaelekea mbwa alitoa ishara nyingine kabla ya kunguruma: kukaza mwili, kuacha kutafuna ghafla kichwa kikiwa bado ndani ya sufuria, kulamba midomo, au kumtazama mtoto kwa pembe ya jicho hadi weupe ukaonekana. Hata mkia unaotikisika si uthibitisho wa furaha. Mtoto wa miaka 4 hawezi kuzisoma ishara hizo, na kwa kimo chake uso wake u karibu na kinywa cha mbwa, ndiyo maana watoto wadogo huumwa kichwani na shingoni zaidi kuliko watu wazima. Kuzisoma ni kazi yenu.

Mlisheni mbwa nyuma ya wavu au lango, na chombo kiondolewe kabla mtoto hajafika hapo. Mnyororo nao unanisumbua, kwa kuwa mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia anapoudhiwa. Banda lenye wigo lingefaa zaidi. Tena, katika baridi ya Juni na Julai huko kwenu, mbwa na mtoto hufuata joto la jiko moja, na ni rahisi mtoto kumkanyaga mbwa aliyelala. Mfundishe kumwita kwa mbali, asimguse usingizini.

Kukumbatia ni mapenzi kwetu sisi, lakini mbwa wengi huhisi wamebanwa. Keti karibu nao, mkono wako ukiweza kuwafikia wote wawili, mbwa aje mwenyewe, mtoto ampapase kifuani huku mkihesabu moja hadi tatu, kisha aondoe mkono. Mbwa akisogea tena, anataka zaidi. Akienda zake, aachwe.

Hukutaja chanjo ya kichaa cha mbwa. Ikiwa muda wake umepita, mwone afisa mifugo wa kata wiki hii. Mbwa yeyote akimuuma au kumkwaruza mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usipake majani wala mafuta ya taa, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili zikishaanza ugonjwa huu karibu kila mara huua. Mbwa asiuawe kwa hasira, kwani akiwa mzima hufungiwa na kuchunguzwa siku 10.

Mama mkwe msimpuuze. Iwapo mbwa anakaza mwili kila mtoto anapopita, hata pasipo chakula, au hakuna mtu mzima wa kuwasimamia mchana, yeye ndiye mwenye haki katika shauri hili. Mkifikia hapo, msimtelekeze mbwa sokoni usiku kama wafanyavyo baadhi ya watu. Mtafutieni nyumba isiyo na watoto wadogo, na mumweleze wazi atakayempokea kwa nini anaondoka kwenu.