Mwavuli weka pembeni, chukua koti

Pole sana kama upepo wa majira haya ya machipuko umeshakuvunjia miavuli mitatu; wa nne usinunue. Upepo hauna adabu na mwavuli. Tafuta koti la mvua lenye kofia ya kufunga kwa kamba, ndani yake uvae nguo nyepesi mbili tatu badala ya sweta moja zito. Jua likichomoza ghafla, unavua moja tu. Ila ile inayogusa mwili isiwe ya pamba: ikilowa haikauki upesi, na maji hupokonya mwili joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Viatu vilivyolowa vijaze magazeti usiku. Usivianike karibu na moto, ngozi ya kiatu itapasuka (ya viatu vyangu ilipasuka).