Vanity: ubatili, majivuno au ghururi?

Swali: Nafundisha fasihi ya Kiingereza sekondari. Wanafunzi wangu wakikutana na neno vanity huandika "majivuno" kila mahali, maana ndilo walilolikuta kwenye kamusi. Lakini pale Biblia ya Kiingereza inaposema mambo yote ni vanity, ya Kiswahili inasema "ubatili". Je, hili ni neno moja au mawili yaliyofanana sura? Na sisi tunalo neno linalobeba maana zote mbili?

Jibu: Mwalimu, neno ni moja. Asili yake ni Kilatini, vanus, yaani kitupu, nalo lilifika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa cha kale. Maana zake zote zinatoka kwenye utupu huo. Dunia na mambo yake vikionekana vitupu, hapo pana ubatili. Mtu akijiona amejaa kumbe ndani hamna kitu, hapo ndipo wanafunzi wako wanapopata majivuno. Kwa hiyo, kabla hawajafungua kamusi, waulize: katika sentensi hii, kitupu ni nini, dunia au mtu?

Katika Mhubiri ni dunia. Neno la Kiebrania mle ni hevel, pumzi au mvuke unaotoweka ukiutazama (ndilo pia jina la Habili, yule ndugu aliyeuawa mapema). Jerome alipotafsiri kwa Kilatini aliandika vanitas, na Biblia ya Mfalme James ya 1611 ikafuata nyayo hizo. Kiebrania kinasema kitu kama "ubatili wa ubatili", lakini wafasiri wetu hawakuuchukua muundo huo. Walisema "ubatili mtupu", na mimi nawasifu kwa hilo, kwa sababu mtupu hapo linafanya kazi mbili: linatia mkazo, kama tunavyosema uongo mtupu, na papo hapo linautaja utupu wenyewe. Lakini tunapoteza kitu kidogo. Ubatili kwetu una harufu ya sheria: ndoa batili, mkataba batili. Unatuambia jambo halisimami, hautuonyeshi mvuke.

Maana hiyo ndiyo aliyoishika John Bunyan mwaka 1678, katika hadithi yake The Pilgrim's Progress, alipowapitisha wasafiri wake kwenye mji uitwao Vanity, penye soko, Vanity Fair, ambamo kila kitu kinauzwa: nyumba, vyeo, falme, anasa, hata roho za watu. Mmoja wao anauawa pale baada ya kukataa kununua. Ukitaka kuliita soko hilo kwa Kiswahili, usiseme gulio wala mnada, maana Bunyan anatuambia halifungwi mwaka mzima, na gulio lina siku zake. Soko la Ubatili linatosha. William Thackeray aliliazima jina hilo, Vanity Fair, kwa riwaya yake iliyotoka kwa sehemu mwaka 1847 na 1848, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu, kwa kuwa kwake maana zote mbili zinakaa chumba kimoja. Becky Sharp na wenzake wanajiona na wanataka kuonwa, na vile wanavyovigombania ni vitupu vilevile. Mwanafunzi akiandika "majivuno" tu kwa jina la riwaya hiyo, ameacha nusu ya kitabu nje.

Kwa Jane Austen kitupu ni mtu, na hapo ndipo neno majivuno linapotuangusha zaidi. Katika riwaya yake ya 1813, Pride and Prejudice, Mary Bennet anatofautisha kiburi na vanity: kiburi ni vile tunavyojiona sisi wenyewe, na vanity ni vile tunavyotaka wengine watuone. Ni dada anayependa kuhutubia, lakini tofauti aliyoieleza ni ya kweli, na Kiswahili kinaijua. Mwenye kiburi hana haja na macho yako. Anayeringa, anayejishaua, anayefanya mikogo, akikosa mtazamaji hana kazi. Ndiyo maana Sir Walter Elliot wa Persuasion, riwaya nyingine ya Austen, mzee aliyezungukwa na vioo vikubwa chumbani, anayependa kusoma jina lake mwenyewe katika kitabu cha watu wenye vyeo, nisingemwita mwenye kiburi peke yake. Upande wa sura yake ningeuita ulimbwende, na upande wa cheo, kujiona.

Sasa mchukue Elizabeth Bennet, dada yake Mary. Baada ya kusoma barua ya Darcy anakiri kwamba kilichompumbaza si mapenzi, ni vanity. Msichana huyu haringi wala hajipambi kupita kiasi. Alifurahishwa na mwanamume mmoja aliyempendelea, akachukizwa na mwingine, Darcy huyo, aliyempuuza, na kwa hayo akawahukumu wote wawili vibaya. Ukiandika "majivuno" umemsingizia. Ningeandika: "Kupenda kusifiwa, wala si mapenzi, ndiko kulikonipumbaza." Kiingereza kimeweka jina, Kiswahili kinasimama vizuri zaidi kwa kitenzi. Usiogope kuwaambia wanafunzi hivyo, hata kama mtihani unawazoesha neno moja kwa neno moja.

Ukinibana nikupe neno moja lenye pande zote mbili, nitakupa ghururi. Limetoka Kiarabu, na ndani yake mna majivuno pamoja na udanganyifu, hasa wa kujidanganya. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir analitumia katika Al-Inkishafi, anapouuliza moyo wake iwapo haujui kuwa dunia ina ghururi, kisha anautembeza kwenye majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na mazulia, sasa yakiwa magofu. Mwanafunzi aliyeusoma utenzi huo tayari anamwelewa Thackeray kuliko anavyodhani. Shida ni kwamba darasani leo wachache wanalijua neno hilo, kwa hiyo lifundishe kwanza, ndipo ulitumie kwenye tafsiri.

Na wakikutana na in vain, wasiende huko kote. Hiyo ni bure: "Usilitaje bure jina la BWANA, Mungu wako." Askari aliyepigana in vain alipigana bure, wala hakuwa na majivuno yoyote.