Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayozima Ghafla na Draiva Zilizopitwa na Wakati

SWALI: Ndugu mhariri, ninaendesha duka la stesheneri mjini Morogoro, ambapo tunachapa kazi za watu, tunatoa kopi na kuwasaidia wanafunzi kujaza maombi ya vyuo. Kompyuta yetu mpakato, ambayo tuliinunua ikiwa imeshatumika, huganda kwa sekunde chache tunapofungua video au faili kubwa la PDF, kisha huleta skrini ya bluu na kujizima. Fundi aliifomati na kupiga Windows 10 upya, lakini muda si mrefu tatizo likarudi. Sasa anashauri tununue RAM. Niliwahi kuipiga picha skrini hiyo kwa simu, nayo ilikuwa na maandishi VIDEO_TDR_FAILURE, na mbele yake igdkmd64.sys. Je, ninunue hiyo RAM? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa sasa. Umefanya jambo la maana sana kuipiga picha skrini ile, kwa sababu maandishi hayo mawili yanaeleza mengi kuliko kubahatisha kwa fundi yeyote.

Kila kifaa kilichomo ndani ya kompyuta, kiwe cha michoro, cha sauti au cha wai-fai, huhitaji programu maalumu ya kukiwezesha kuelewana na Windows, na programu hiyo ndiyo mafundi wanaiita draiva. Nyingi kati ya hizo hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo wenyewe, mahali ambapo hakuna ukuta wa kuzuia kosa lisisambae. Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa peke yake nawe ukaendelea na kazi. Draiva iliyomo katika kiini ikikosea, Windows husimamisha kila kitu kwa makusudi ili data zako zisiharibike. Skrini ya bluu ndiyo usimamishaji huo.

Sasa tuyaangalie maandishi yako. Faili linaloitwa igdkmd64.sys ni sehemu ya draiva ya michoro ya Intel, na herufi TDR zinahusu utaratibu ambao Windows imekuwa nao tangu Windows Vista: kifaa cha michoro kisipojibu ndani ya sekunde 2, mfumo huhesabu kwamba kimekwama, kisha hujaribu kukianzisha upya pamoja na draiva yake. Jaribio likifaulu, utaona skrini ikizima na kuwaka tena, na kazi zako zikiwa palepale. Likishindikana, ndipo bluu hutokea. Kuganda kwa sekunde chache unakokueleza kunaafikiana kabisa na utaratibu huo, na video pamoja na mafaili mazito ya PDF ndizo kazi zinazokitumikisha sana kifaa cha michoro. RAM mbovu huwa na tabia nyingine, nami nitaieleza katika swali la mwisho.

Kwa nini basi kufomati hakukusaidia? Mara nyingi fundi anapomaliza kupiga Windows huweka draiva kutoka kwenye flashi yake, yenye mkusanyiko uleule anaoutumia kwa kila mashine inayofika mezani, au huiachia Windows ichague yenyewe toleo linaloweza kukubali. Kwa vyovyote vile draiva iliyokuwa ikikusumbua inaweza kurudi mahali pake. Ninasikitika kuona wateja wakilipia kufomati tena na tena, huku kazi zao zikipotea, kwa tatizo ambalo lingetafutwa na kuonekana kwa dakika chache.

Anza kwa kuifahamu mashine yako. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, halafu nakili jina la modeli na aina ya kichakataji (prosesa). Rudia vitufe hivyo uandike devmgmt.msc, ambayo itakufungulia orodha ya vifaa vyote. Chini ya Display adapters bofya mara mbili jina la kifaa cha michoro, na katika kichupo cha Driver utaona toleo na tarehe. Andika vyote viwili kwenye karatasi. Kisha nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yenyewe, si tovuti yoyote inayojitokeza kwanza unapotafuta, uingize modeli yako na kulinganisha toleo lililopo huko na lile uliloandika. Ninasisitiza tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa sababu kampuni hizo hurekebisha draiva za michoro kwa ajili ya mashine zao, hasa katika mambo ya mwanga wa skrini na matumizi ya betri. Ikiwa huko hakuna kitu kipya, ndipo uende kwenye tovuti ya Intel.

Kabla ya kusakinisha chochote, andika sysdm.cpl kwa njia ileile, na chini ya kichupo cha System Protection tengeneza nukta ya kurejea, ili mambo yakiharibika uweze kuirudisha mashine katika hali ya awali. Ukiwa na draiva mpya inayoleta balaa zaidi, kitufe cha Roll Back Driver, kilichomo katika kichupo kile cha Driver, hurudisha toleo la zamani bila kugusa mafaili yako.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa kompyuta zilizotumika hawalisemi, nalo linaweza kukuhusu. Angalia namba ya kichakataji: ikiwa baada ya i3, i5 au i7 kuna namba ya tarakimu nne inayoanza na 2, kwa mfano i5-2520M, hicho ni kizazi cha pili, kilichoingia sokoni mwaka 2011, na kwa michoro ya kizazi hicho Intel haikuandaa rasmi draiva ya Windows 10. Inayofanya kazi humo ni ile iliyotengenezwa kwa mifumo ya kabla yake. Kwa mashine ya namna hiyo hakuna toleo jipya la kulitafuta, na kuhamia Windows 11 si njia, kwa kuwa mfumo huo kwa upande wa Intel unadai kwa jumla kizazi cha nane kuendelea. Unachoweza kufanya ni kuzima matumizi ya kifaa cha michoro ndani ya kivinjari na ndani ya programu ya kusomea PDF, kupitia mipangilio yake, ili kazi hiyo ifanywe na kichakataji. Video zitakuwa nzito kidogo, lakini duka litaendelea na kazi. Zingatia pia kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo unaponunua mashine nyingine iliyotumika, ulizia kizazi cha kichakataji kabla ya kuulizia bei.

Ikiwa umeweka draiva sahihi na tatizo bado lipo, fanya jaribio moja. Katika orodha ya vifaa, bofya kifaa cha michoro kwa kitufe cha kulia cha kipanya na ukizime kwa muda. Windows itatumia draiva yake nyepesi ya kuonyesha picha. Fanya kazi za kawaida kwa siku nzima. Mashine ikitulia, tatizo limo katika michoro, na kama draiva imeshabadilishwa, shaka inakuwa juu ya chipu yenyewe au joto lake. Fundi akague feni na vumbi.

SWALI: Nimepakua programu ya bure ya kukagua draiva. Imeniambia kwamba draiva zangu nyingi zimepitwa na wakati, na inataka nilipie ili izibadilishe zote. Nilipohakiki mwenyewe, ni kweli nyingi zina tarehe ya 21 Juni 2006. Je, nilipe? Mwanafunzi, Nakuru.

JIBU: Usilipe, na ikiwezekana iondoe programu hiyo. Tarehe uliyoiona imewekwa na Microsoft kwa makusudi kwenye draiva zinazokuja na Windows yenyewe. Windows inapolinganisha draiva mbili zinazokifaa kifaa kimoja kwa kiwango sawa, huchagua yenye tarehe ya karibuni. Hivyo Microsoft huzipa zake tarehe ya zamani ili draiva ya mtengenezaji, hata ikiwa na miaka mingi, ishinde. Maudhui yake yanaweza kuwa mapya kabisa. Intel nayo imefanya vivyo hivyo kwa baadhi ya mafaili yake, ikayapa tarehe ya 18 Julai 1968, ambayo ndiyo siku kampuni ilipoanzishwa. Kwa hiyo usiihukumu draiva kwa tarehe. Tazama namba ya toleo.

Wala usibadilishe draiva ambayo haina tatizo. Upya peke yake hauleti usalama. Tarehe 19 Julai 2024, programu ya ulinzi ya CrowdStrike ilipokea faili dogo la data lenye kasoro; draiva yake ikalisoma ikiwa ndani ya kiini cha mfumo, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zikaanguka kwa skrini ya bluu. Kubadilisha draiva nyingi kwa mkupuo kuna ubaya mwingine: mashine ikianza kusumbua, hutajua ipi imeisababishia. Badilisha moja, itumie, kisha uamue. Ukitaka kujua hitilafu zilianza lini, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel; utapata kalenda yenye alama nyekundu katika siku za matatizo, pamoja na vilivyosakinishwa kila siku.

SWALI: Kompyuta yangu huleta skrini ya bluu yenye maandishi tofauti kila mara, na wakati mwingine hujiwasha upya kabla sijasoma. Nianzie wapi? Mwalimu, Kigoma.

JIBU: Kwanza izuie isijiwashe: katika sysdm.cpl, kichupo cha Advanced, fungua mipangilio ya Startup and Recovery na uondoe alama kwenye Automatically restart. Maandishi yakibadilika ovyo, leo yakitaja faili hili na kesho jingine lisilohusiana nalo, draiva moja iliyozeeka haielekei kuwa chanzo, na hapa ndipo RAM inapopaswa kushukiwa. Andika mdsched.exe, ruhusu mashine ijiwashe upya, na uiache ikague kumbukumbu hadi mwisho. Hitilafu ikionekana na mashine ina vipande viwili vya RAM, mwombe fundi atoe kimoja, ukaguzi urudiwe kwa kila kipande kikiwa peke yake, na ubadilishe kile tu kitakachoshindwa. Yakitokea maneno WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, kwa kawaida ni kifaa kinacholalamika. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje siku hiyohiyo kabla ya kuipeleka kwa fundi.