Skrubu ya mkanda wa saa ikigoma, ipashe moto kwanza

Saa nyingi za mikanda ya chuma ambazo ndugu zetu hututumia kutoka Dubai na Muscat hufika na pingili zote, yaani vile vipande vinavyounganika kuwa mkanda, ndiyo maana zinazunguka mkononi kama bangili. Kupunguza pingili si kazi kubwa. Kinachoharibu saa ni ile skrubu moja iliyokaza, na mtu aliyeamua kushindana nayo. Nimewapunguzia watu wa nyumbani mikanda kwa miaka sasa, na jambo ninalowasisitizia ni kwamba mara nyingi skrubu hiyo imetiwa gundi kiwandani ili isijifungue yenyewe. Gundi hiyo huhitaji joto kwanza, nguvu baadaye.

Hakikisha kwanza kwamba ni skrubu kweli. Saa nyingi za Casio na Seiko za bei ya kawaida hutumia pini, na upande wa ndani wa pingili utaona vishale vinavyoonyesha pini isukumiwe wapi. Ncha ya pini iliyopasuliwa katikati hufanana sana na kichwa cha skrubu, na kuizungusha kwa bisibisi ni kujichosha bure. Rolex na Tudor nyingi hutumia skrubu. Ipo pia mikanda yenye skrubu pande zote mbili za pingili; hiyo inataka bisibisi mbili, moja ishikilie na nyingine ifungue, la sivyo vyote vinazunguka pamoja.

Bisibisi ndiyo roho ya kazi. Skrubu nyingi za mikanda hutaka ncha ya milimita 1.4 hadi 1.6, lakini usitazame upana peke yake. Tazama unene. Ncha ikae ndani ya mfereji wa skrubu bila kuchezacheza, ifike chini kabisa, wala isizidi upana wa kichwa. Ikiwa nene, isugue taratibu kwenye jiwe la kunolea hadi iingie sawasawa. Saa ya mjomba wangu ilirudi kutoka kwa fundi mmoja ikiwa na mchubuko wenye umbo la mwezi mwandamo kando ya tundu la skrubu: ncha nyembamba ilipanda juu ya mfereji, ikaruka, ikakwaruza chuma. Mkwaruzo wa namna hiyo hauondoki bila kung'arisha pingili nzima.

Sasa joto. Toa mkanda kwenye saa kabisa, kwa sababu betri, mafuta ya mashine na mipira ya kuzuia maji havipendi moto. Elekeza draya ya nywele kwenye pingili kwa dakika chache, mpaka chuma kisishikike kwa vidole vitupu. Huna draya? Mkanda mtupu wa chuma unaweza kuuzamisha kwenye maji yaliyochemka, kisha ukauopoa na kuufungua kabla haujapoa. Skrubu sugu zaidi ninaigusisha ncha ya pasi ya kulehemu, ile ya mafundi redio, juu ya kichwa chake kwa muda mfupi. Usizidishe, chuma kitabadilika rangi. Na kwa mkanda uliopakwa rangi au dhahabu, pasi hiyo usiitumie kabisa.

Mkanda usimame kwa ubavu, umebanwa vizuri. Mimi hutumia kipande cha mbao nilichokikata ufa kwa msumeno. Kandamiza bisibisi chini kwa kiganja, kwa nguvu kubwa kuliko ile ya kuzungushia, ndipo uzungushe kinyume cha saa polepole. Ikigoma, irudishe kidogo upande wa kukaza kisha ujaribu tena. Mara nyingi gundi hukatikia hapo. Ukisikia ncha inaanza kupanda, acha papo hapo, pasha tena. Kwa sisi wa pwani, jasho na chumvi navyo hujaa kwenye matundu, kwa hiyo usugue kwa mswaki laini na maji ya sabuni kabla ya yote. Mfereji ukishalika, mpelekee fundi mwenye vifaa vya kutobolea.

Punguza kwa uwiano pande zote mbili, ili kifungio kikae katikati ya mkono. Pima alasiri, maana kwenye joto mkono huvimba kidogo, na mkanda uliopimwa asubuhi ya baridi utakubana.

Wakati wa kurudisha, safisha gundi ya zamani kwenye hesi za skrubu, ile mizunguko ya kujifungia, kisha tia tone dogo la gundi ya kushikilia skrubu kwa kijiti cha meno. Chagua ya zambarau au ya buluu. Nyekundu ni kali mno, na supagluu isikaribie kabisa. Futa inayovuja, isije ikagandisha pingili. Iache saa 24 ndipo uivae. Pingili ulizotoa zifunge pamoja na skrubu zake, kwa sababu mkono ukinenepa au ukitaka kuiuza saa, zitatafutwa.