Chicha ya nazi, maganda ya muhogo na punda aliyekula chakula cha vifaranga

Swali: Napika wali wa nazi wa kuuza hapa Kisauni na kila siku nabaki na ndoo ya chicha. Nikiwapa kuku badala ya kununua chakula, watakua?

Kwa chicha peke yake, mama, watadumaa. Tui limeshaondoka na sehemu kubwa ya lishe, na kuku si mnyama wa kucheua nyuzinyuzi. Mashudu ya nazi ya kiwandani huwa na protini kama asilimia 20. Chicha ya jikoni haikaribii hapo. Wachanganyie kuku fungu moja katika kumi, nyingine wape mbuzi pamoja na majani.

Ila ianike siku hiyo hiyo. Kwa joto letu hili, chicha iliyolala ndooni imechacha kufikia asubuhi. Itandaze nyembamba juu ya turubai, igeuze adhuhuri, jioni ifikiche kiganjani: ikimwagika kama pumba, tia guniani, ikishikana kama tonge, irudi juani kesho. Yenye ukungu tupa yote. Ukungu huweza kuzaa aflatoksini, sumu inayoharibu ini la kuku na kupenya hadi kwenye maziwa ya mbuzi, na kuchemsha hakuiondoi.

Swali: Mbuzi wa jirani alikufa baada ya kula maganda mabichi ya muhogo. Nami nakaanga muhogo Likoni. Niyatupe?

Mpe pole jirani. Ganda lina sayanidi nyingi kuliko muhogo wenyewe, hasa ule mchungu. Yakatekate, yaanike siku 2 au 3 kwenye jua kali, sumu nyingi itatoka. Wakati wa masika usijaribu.

Swali: Nina mkokoteni wa punda. Gunia la chakula cha vifaranga lilipasuka, akala. Kuna ubaya?

Huyu nilimpigia simu siku ile ile, kwa sababu hapa kila saa ina thamani: muite daktari wa mifugo kabla hujaona dalili yoyote. Vyakula vingi vya vifaranga hutiwa dawa ya kuzuia kuhara damu, na mojawapo ni monensini. Kuku anaivumilia. Ng'ombe hupewa kwa kipimo makusudi, ili chakula kigeuke nyama vizuri zaidi. Lakini kwa punda na farasi kiasi kidogo tu huharibu misuli ya moyo. Husimama akitoka jasho, amesusa majani, miguu ya nyuma inayumba. Dawa ya kuivunja sumu hiyo haipo. Hata akipona, msimrudishe mzigoni upesi. Moyo ulioumia unaweza kusimama wiki kadhaa baadaye. Nawasihi nyote mnaopakia chakula cha kuku: kifungeni vizuri, na punda asikifikie.

Swali: Muuza dawa kaniambia nitie antibayotiki majini kila siku, kuku wanenepe.

Usitie, ndugu yangu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kunenepesha mifugo tangu Januari 1, 2006. Vijidudu huzoea dawa, kisha mtoto akiugua, dawa ile ile haimfai. Tibu kuku mgonjwa tu, na usimuuze kabla siku za kusubiri dawa imtoke mwilini, zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa, hazijaisha.

Swali: Mbona nyama ya kuku wangu inanuka samaki?

Ni dagaa waliomo kwenye chakula chao. Mafuta yake hukaa kwenye mafuta ya kuku. Waondolee wiki 2 kabla ya kuchinja, uweke soya. Na siku ukinunua dagaa tena, onja mmoja: akiwa na chumvi kali mwache, chumvi nyingi huua vifaranga.